Mtengeneza stauti wa Kiembeni aliyekataa kufunga chupa

Saa nne asubuhi, jua la Kiembeni limeshaanza kuuma mabega, na Dama Mwaringa anakaanga nazi. Sufuria ni pana, moto ni mdogo, na mwiko haupumziki. Nazi iliyokunwa inabadilika taratibu kutoka weupe hadi rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya mkate ulioungua kidogo pembeni. Hapo anaiepua.

Nazi hii haiendi mezani. Anaimwaga juu ya karatasi za kaki, anaifunika kwa karatasi nyingine na kuikandamiza kwa viganja viwili, uzito wake wote ukiwa juu yake. Karatasi zinalowa mafuta. Anazitupa, anatandika nyingine, anakandamiza tena.

"Mafuta ndiyo adui," anasema bila kuinua kichwa. "Yakiingia kwenye pipa yanaua povu. Na stauti isiyo na povu nani ataitaka? Atadhani nimempa maji ya makaa."

Dama, mwenye umri wa miaka 47, anatengeneza stauti, ile bia nyeusi nzito ya shayiri iliyochomwa. Anaitengeneza nyuma ya nyumba anayopanga, katika chumba ambacho zamani kilikuwa banda la kuku la mwenye nyumba. Sasa kina sakafu ya saruji, vigae hadi usawa wa kiuno, na mapipa manne, kila moja limekaa ndani ya beseni la maji na kuvishwa gunia bichi. Ndani ya maji zinaelea chupa za barafu.

Barafu hiyo si mapambo. Hamira ikipata joto la Mombasa hukimbia ovyo na kuacha ladha kali inayokwaruza koo. Kwa hiyo Dama na mdogo wake, Kafedha, hubadilisha barafu mara nne kwa siku ili pipa lisipite nyuzi ishirini na mbili. Stima ikipotea, hutumwa mtu kwa wauza samaki kununua barafu ya vipande.

Juu ya kila pipa kuna kibomba chenye maji kidogo. Gesi ikitoka, maji yanatoa mlio: blup, kisha kimya, kisha blup tena.

"Hiyo ni hamira inakula sukari," anaeleza Kafedha, mwanamke mwembamba wa miaka 41 anayezungumza kwa sauti ya chini. "Ikila, inatoa gesi. Ikimaliza, inalala. Ukifunga chupa kabla haijalala, gesi haina pa kutokea. Itatafuta pa kutokea."

Anasema hivyo akigeuza uso kidogo kulia, kama afanyavyo kila anapozungumza na mtu. Jicho lake la kushoto halioni.

Baba yao alikuwa mgema huko Kaloleni. Mabinti hao walikua wakijua kwamba mnazi, ile pombe ya mgema, ukigemwa asubuhi ni mtamu kama juisi, jioni umekolea, na kesho yake ni siki. Hakuna aliyehitaji kuusubiri. Dama anasema ndiyo maana stauti ilimshangaza alipoiona mara ya kwanza: kinywaji kinachomtaka mtu akae nacho wiki nne, tano, akichunge kama mtoto mwenye homa.

Alikutana nacho Changamwe. Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipopata kibarua cha kuosha chupa katika kiwanda kimoja cha vinywaji. Alikaa hapo miaka kumi na mitatu, akilipwa kwa siku, bila barua ya kuajiriwa. Mwishoni alikuwa akipata shilingi 380 kwa siku. Mashine ya kuosha chupa ilipoletwa, waliambiwa asubuhi na kufikia mchana walikuwa nje ya geti, wanawake kumi na mmoja, wameshika viatu vyao vya mpira.

Lakini hakutoka mikono mitupu. Katika maabara ya kiwanda hicho kulikuwa na mzee mmoja wa kutoka bara, Bramwel, aliyekuwa akipima bia kabla ya kujazwa. Dama alizoea kumpelekea chai. Siku moja alimuuliza kile kijiti cha kioo kinachoelea kinamwambia nini.

"Wengine wote walikuwa wananiita mama wa chai," Dama anakumbuka. "Yeye akavuta kiti, akaniambia, 'Kaa hapa, Dama, nikuonyeshe.' Kioo kikielea juu, sukari bado iko. Kikizama, sukari imeliwa. Kikisoma vilevile siku tatu mfululizo, hamira imelala. Basi. Dakika tano hizo ndizo shule yangu."

Bramwel alipostaafu na kurudi kwao Bungoma, alimwachia kioo kimoja na daftari lenye vipimo vya shayiri, kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Dama akaanza nyumbani, Mikindani alikokuwa akiishi wakati huo, kwa ndoo moja ya lita ishirini. Ya kwanza ilikuwa chungu kama dawa. Ya nne majirani walirudi kuiulizia.

Mwaka 2019, mtu mmoja aliyekuwa na sherehe ya mwanawe alimwagiza chupa sitini, akataka ziwe na asali. Dama alitia asali stauti ilipokuwa imeshatulia. Hakujua wakati huo kwamba asali ni sukari nyingine, na kwamba hamira iliyolala huamka ikiletewa chakula. Siku ya pili aliona kioo kimeanza kuzama tena, akaingiwa na wasiwasi. Mwenye sherehe akapiga simu mara tatu.

"Niliona," anasema. Anatamka neno hilo polepole. "Sitakudanganya kwamba sikuona. Niliona kioo kinashuka, nikafunga chupa, kwa sababu niliogopa kumwambia mtu mwenye gari kwamba asubiri."

Siku ya tatu tangu chupa zifungwe, baada ya chakula cha mchana, Kafedha aliinama kuvuta kreti chini ya kitanda. Chupa moja ilipasuka, ikapasua mbili za jirani yake. Madaktari walijitahidi wiki mbili. Jicho halikurudi.

Ndugu walikuja kutoka Kaloleni kumwambia Dama aache. Mwenye nyumba alimpa notisi. Kanisani watu walimwangalia kwa namna ya kumhukumu. Dama mwenyewe alikuwa ameshavunja ndoo na alikuwa tayari kukitupa kile kioo cha Bramwel, lakini Kafedha, kichwa kikiwa bado kimefungwa bendeji, alimwomba akilete hospitalini.

"Nilimwambia, dada, ukiacha sasa, jicho langu limeenda bure," anasema Kafedha. "Nikamwambia rudi ukajifunze ulikosea wapi. Na kuanzia leo kusoma hicho kioo ni kazi yangu. Wewe utapika, mimi nitasoma. Nikisema haijalala, haijalala, hata aje nani."

Hayo ndiyo makubaliano yao mpaka leo. Kila asubuhi Kafedha hutoa kikombe cha stauti pipani, huiacha gesi itoke, hutumbukiza kioo na kuinama usawa wa meza kwa jicho lake moja. Namba anayoisoma huandikwa ukutani kwa chaki. Dama haruhusiwi kubishana na ukuta.

Walihamia Kiembeni, na Dama akaanza kutafuta kibali cha kutengeneza na kuuza kihalali. Ilimchukua miaka miwili na nusu. Katika ofisi moja aliulizwa kwa nini asiuze mnazi kama wenziwe. Katika nyingine kijana alimwambia kwamba bia ni kazi ya viwanda, si ya akina mama wa leso.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, hiyo leso ndiyo iliyoosha chupa unazonywea,'" anasema. "Akanipa fomu."

Kibali hicho kimetundikwa ukutani, juu kidogo ya namba za chaki.

Alichojifunza baada ya jicho la Kafedha ni wakati na namna ya kutia viungo. Nazi hukaangwa, hukamuliwa mafuta na kutiwa baada ya hamira kulala, kwa siku nne tu. Kahawa huloweshwa kwa maji baridi usiku kucha, ikachujwa, ikatiwa siku ya mwisho, maana ikikaa sana inakuwa na ladha ya pilipili mboga mbichi. Iliki husagwa nusu tu, ikafungwa kwenye kitambaa safi kilichochemshwa.

Iliki hiyo huinunua kwa Bi Mwanatabu, ajuza mwenye duka la viungo Kisauni. Mwanzoni Dama hakumwambia anaipeleka wapi. Ilipozidi kuwa nyingi, aliona aibu, akamwendea.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukwambia ukweli. Iliki yako naitia kwenye pombe."

"Marahaba. Nilishajua, mwanangu. Hakuna pilau la kilo mbili za iliki kila mwezi," Bi Mwanatabu alimjibu. "Pombe mimi wallahi siigusi wala siisifu. Nauza iliki. Ya kwako na Mola wako mtayamaliza wenyewe. Lakini usinunue hii ya juu, imekauka. Chukua ya kwenye debe."

Wakati huo mteja mkubwa wa Dama alikuwa Justus, meneja wa klabu moja ya Bamburi, mtu wa kutoka bara mwenye maneno mepesi na simu mbili. Theluthi mbili ya stauti yote ilikwenda kwake. Kwa chupa ya shilingi 250, Dama alibaki na kama shilingi 70 akishalipa shayiri, stima, ushuru na chupa zenyewe. Kwa miezi miwili mfululizo alilipa kodi ya nyumba kabla ya tarehe tano, jambo ambalo anasema halikuwahi kumtokea maishani.

Novemba mwaka jana klabu hiyo ilikuwa inatimiza miaka kumi. Justus aliagiza chupa mia nne za stauti ya nazi. Siku kumi na moja kabla ya sherehe alikuja kuionja. Ilikuwa tayari, imelala, kioo kimesoma vilevile siku tatu.

"Ni tamu, mathee, lakini nataka kitu ya Coast zaidi," alisema. "Kuna wageni wanatoka Nairobi. Tia ukwaju."

Dama alimweleza kwamba ukwaju una sukari yake. Ukitiwa, hamira itaamka na kuanza kula upya, na hakuna anayejua italala lini. Justus alisema siku kumi na moja ni nyingi. Dama akajibu kwamba atautia, lakini kioo ndicho kitakachoamua. Walipeana mikono.

Ukwaju ulichemshwa, ukachujwa, ukapoozwa, ukatiwa. Kufikia jioni ya siku ya pili vibomba vilikuwa vinapiga kelele tena. Ukutani namba zikashuka: ishirini, kumi na tisa, kumi na saba. Alhamisi ilikuwa kumi na sita. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, Kafedha aliandika kumi na tano na nusu, akaweka chaki chini.

Saa tano asubuhi pikapu ya Justus ikaingia uani, mwenyewe usukani, ikiwa na kreti tupu na vijana wawili wa kubeba.

"Haijalala," Dama alimwambia kabla hajashuka vizuri.

"Inakaa aje haijalala? Jaza tu. Nitaziweka friji, baridi italala yenyewe."

"Na stima ikipotea? Juzi hapa imepotea saa saba nzima."

"Tuko na jenereta. Halafu watu watakunywa usiku huohuo, hakuna chupa itabaki."

"Itakayobaki je? Na ile mgeni wako ataibeba ndani ya gari mpaka Nairobi, juani, mtoto amekaa kiti cha nyuma? Hiyo nayo ina jenereta?"

Majirani walianza kutoka milangoni. Justus akabadilisha sauti. Akasema atalipa mara mbili ya bei. Dama akasema hapana. Justus akasema basi ampe mapipa yalivyo, atajaza mwenyewe huko klabuni, na lolote likitokea ni juu yake.

Hapo, kwa mujibu wa majirani walioshuhudia, Dama hakupaza sauti. Alifunga mlango wa chumba cha mapipa, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake. Kisha akaketi kizingitini, akavuta mbuzi ya nazi karibu na kuanza kukuna.

"Kibali kina jina langu," alimwambia. "Chupa ikimpasukia mtu, jina litakaloandikwa ni hilo. Lakini hata lisingeandikwa. Nilishafunga chupa nikijua. Mwulize huyu aliyesimama nyuma yako ilimgharimu nini."

Justus aligeuka akamwona Kafedha. Alitazama pembeni haraka. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda, na watu walikuwa wanaangalia.

"Hutauza hata chupa moja Bamburi hii tena," alisema, na pikapu ikatoka na kreti zake tupu.

Dama anakiri kwamba mchana huo shaka ilimwingia. Labda alikuwa anaogopa kivuli. Labda kweli zingenyweka usiku mmoja na kwisha. Kwa hiyo alifanya jambo moja. Alijaza chupa nne kutoka pipa lilelile, akazifunga vizibo, akaziweka ndani ya pipa la chuma uani na kulifunika kwa bamba na mawe mawili.

"Nilitaka nijue kama mimi ni mwoga au ni mkweli," anasema.

Jumanne, saa nane mchana, pipa la chuma lililia kama limepigwa nyundo. Majirani walitoka mbio. Kabla ya magharibi lililia mara mbili zaidi. Dama alisubiri mpaka kesho yake ndipo akafungua. Chupa tatu zilikuwa vigae. Alipiga picha, akamtumia Justus. Ujumbe ulionyesha tiki mbili za bluu.

Stauti ya ukwaju ililala yenyewe siku saba baadaye. Kafedha aliandika kumi na mbili mara tatu, na siku hiyo wakatia sukari yao ya kijiko kwa kila lita, ile kidogo ya kuleta povu, wakajaza. Chupa moja kila mara huwa ya plastiki, ya soda, ili Dama aibonyeze kwa kidole gumba kila siku na kujua gesi imefika wapi. Ilikuwa ngumu kama inavyotakiwa, haikuzidi.

Lakini hapakuwa na wa kuinunua. Justus alitimiza neno lake. Baa tano za Bamburi zilizokuwa zikichukua kreti moja moja ziliacha ndani ya wiki mbili, nyingine bila hata kusema. Desemba, mwezi ambao wauza vinywaji wote huvuna, Dama alirudi kuuza mahamri alfajiri. Kodi ya Januari alilipa nusu, na mwenye nyumba akamkumbusha kwamba kuku hawakuwa na taabu hii.

Alipopigiwa simu kwa ajili ya makala haya, Justus hakukana. "Yule mama anajua kazi, lakini hajui biashara," alisema. "Mteja akitaka, unampa."

Dama anaposomewa maneno hayo anacheka mpaka anashika kiuno.

"Mwambie biashara naijua. Biashara ni mteja arudi na macho yake mawili."

Habari za mapipa ya Kiembeni zilitembea zenyewe. Mmoja wa vijana waliokuja na pikapu alikuwa akiishi Mikindani, na alimsimulia Phoebe, mwanamke anayeendesha baa ndogo kando ya barabara kuu, ambayo wateja wake wengi ni madereva wa malori na watu wa mitambo ya umeme ya Kipevu wanaotoka zamu. Phoebe alifika Kiembeni mwishoni mwa Januari, bila kupiga simu.

"Nilitaka kumwona huyo mama aliyemkatalia Justus mara mbili ya bei," anasema Phoebe. "Nimeuza vinywaji miaka kumi na minne. Sijawahi kuona mtu akimwambia mnunuzi asubiri. Nikasema, huyu kama anakataa pesa, basi kilicho kwenye chupa ni kile anachosema kiko."

Alichukua kreti mbili za stauti ya ukwaju. Baada ya siku nne alirudi kuchukua nane. Madereva, anasema, wanaiita "ile nyeusi inayokufanya umeze mate." Leo Phoebe anachukua nusu ya kila pipa, na baa mbili za Changamwe zinachukua iliyobaki. Mapato hayajafika yalipokuwa kabla ya Novemba, na Dama hajifichi kulisema hilo. Mahamri bado anapika siku tatu kwa wiki.

Bamburi kwenyewe, baa moja imeanza tena, kwa siri, ikituma bodaboda kuchukua kreti. Dama aliirudisha bodaboda ya kwanza mikono mitupu. "Nilimwambia kawaambie waje mchana, wapaki hapa mbele, watu wawaone. Sijaiba kitu mimi." Wiki iliyofuata walikuja mchana.

Mwaka huu anataka mambo mawili. La kwanza ni kuwatafuta wale wanawake kumi walioachishwa kazi naye Changamwe. Ameshawapata wanne. Wawili wamekubali kuja kujifunza, na ameomba kibali cha kupanua chumba kwa kuta mbili.

La pili linamfanya Kafedha atikise kichwa. Msimu wa mabungo unakaribia, na Dama ameazimia kutengeneza stauti ya mabungo. Tunda hilo ni chachu, ni tamu, lina sukari nyingi kupita ukwaju, na kila aliyemuuliza amemkatisha tamaa. Bramwel, kwa simu kutoka Bungoma, alimwambia pipa litachukua miezi miwili kutulia na huenda likaharibika kabisa. Phoebe alimwambia hakuna dereva atakayekunywa kitu hicho. Kafedha amemwambia chaki itaisha kabla ya hamira kulala.

Dama anafuta mikono kwenye leso, anasogeza beseni la tatu kando kwa mguu na kuonyesha mahali patupu alipoacha kwa ajili ya pipa jipya.

"Wote wameniambia haiwezekani," anasema. "Basi nimeshaagiza mabungo magunia mawili."